Historia Fupi ya Walio Hai

Niseme mapema kwamba kosa lilikuwa langu, maana Mzee Egidi akiulizwa atasema hivyo hivyo, na mimi sipendi mtu anitangulie kwenye habari zangu mwenyewe.

Jina langu ni Mansuetus Kapinga. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, nikastaafu, na tangu hapo kazi yangu kubwa nimepewa na marehemu. Hapa Matiri mtu akifa, kabla jeneza halijapigwa msumari wa kwanza, wanakuja kwangu: "Mwalimu, tuandikie historia." Naandika. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alishika nyadhifa, alifunga ndoa, aliugua, ameacha. Inasomwa kaburini, watu wanalia mahali pa kulia, halafu tunafukia. Hadi kijiji cha Kitura wananiita. Napiga mistari kwa rula, natumia wino wa bluu, mwandiko wangu unalala kidogo kulia, na hakuna mtu tarafa nzima asiyeujua. Nikionekana nimekaa barazani na karatasi na rula, akina mama wanaanza kujifunga kanga kiunoni na kuulizana ni nani.

Ya kwangu nimekwisha kuiandika. Iko sandukuni. Imebaki tarehe tu. Siwaamini watakaonizika, wanaandika vibaya.

Sasa, mwaka ule wa tisini na tisa tulikuwa na kampuni. Kampuni ya Bayoteknolojia ya Kahawa Umatengo, ndivyo cheti kilivyosema. Akina bibi waliiita kampuni ya chupa, na sikuwalaumu. Soko huria lilikuwa limeingia, ushirika unachechemea, dawa hazipatikani, ugonjwa wa chule buni unaozesha kahawa ikiwa bado mbichi mtini, na watu walishaanza kung'oa mibuni wapande mahindi. Ndipo binti yangu Jacqueline akarudi kutoka Morogoro na shahada yake na maneno yake. Alisema ukipata mbuni mmoja usioshikwa na ugonjwa, unaweza kukata vipande vidogo vya jani lake, ukaviweka kwenye chupa safi juu ya chakula chake kizito kama jeli, na jani moja likakuzalia miche mamia, yote migumu kama mama yake. Watu walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa na chupa elfu tatu kwenye ghala la zamani la kahawa, na ndani ya kila chupa kitu cha kijani kimesimama. Hakuna aliyecheka tena.

Bodi yetu ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Egidi Ndunguru, aliyeongoza chama cha msingi cha ushirika miaka kumi na minne. Mjumbe alikuwa Bwana Abdulmajid, mfanyabiashara mwenye duka Mbamba Bay, mzaliwa wa Kilwa, mnunuzi wa kahawa. Katibu nilikuwa mimi. Jacqueline alikuwa mkuu wa maabara.

Tatizo ni kwamba mwenyekiti na mjumbe hawakuwa wakisalimiana. Mwaka soko lilipofunguliwa, Abdulmajid alikuwa mtu wa kwanza kuleta lori la kununulia kahawa, na alilisimamisha wapi? Mbele ya geti la chama. Mzee Egidi akapanda kwenye ngazi za ofisi akawaambia wakulima, "Ndugu zangu, usiache mbachao kwa msala upitao!" Abdulmajid, naye mdomo hauna kufuli, akajibu kutoka juu ya lori, "Mzee, mbachao wenyewe umetoboka!" Watu wakaangua kicheko. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini, na walikuwa ni wanachama wake. Mzee Egidi aliingia ndani akafunga mlango, na tangu siku ile hadi mwaka tunaouzungumzia, miaka mitano, hakumpa yule bwana hata habari ya asubuhi. Jacqueline ndiye aliyewaweka bodi moja kwa kumbembeleza kila mmoja peke yake. Kwenye vikao walikuwa wanaongea kupitia kwangu. "Katibu, mwambie mjumbe atoe hoja yake." "Katibu, mwambie mwenyekiti nimeshaitoa." Na wamekaa benchi moja! Nilikuwa natoka vikaoni kichwa kinaniuma.

Jumatatu moja ikaja barua kutoka kwa wafadhili wa Dar es Salaam waliokuwa wametuahidi mashine ya kuchemshia chupa na jenereta. Walitaka historia ya uongozi ya kila mjumbe wa bodi, pamoja na mkuu wa maabara: ameongoza nini, wapi, miaka mingapi. Kila historia iwe na sahihi ya mwenyewe, na chini yake sahihi ya mjumbe mwenzake, asiye mwandishi wake, kushuhudia kwamba ni kweli. Zifike Songea Ijumaa kabla ya saa sita. Zikikosekana, mashine inapewa kikundi cha mkoa mwingine. Barua ilikuwa imekaa posta siku tisa, lakini hayo ni mambo ya posta.

Bila mashine ile maabara ilikuwa imekwisha. Jacqueline alikuwa anachemsha chupa kwenye sufuria za shule, kwa kuni, na ukungu ulikuwa umeanza kula miche yake. Jioni ile alikuwa anaosha chupa nyuma ya nyumba, akaniambia bila kuinua macho, "Baba, Morogoro wameniita tena. Nafasi ile ile ya kazi chuoni. Ijumaa hii karatasi zisipofika, Jumatatu napanda basi."

Nikamwambia sawa. Kumbe nilikuwa namaanisha nini, sawa? Tangu mama yake, Otilia wangu, atutoke, nyumba ile ilikuwa na sahani moja mezani mpaka huyu mtoto aliporudi. Zikawa mbili. Sikutaka kurudi kwenye moja. Hilo ndilo jambo lililoniweka roho mkononi wiki ile, wala si kahawa. Kahawa kitu gani.

Basi nikakaa Jumanne kutwa kuandika. Ya kwangu niliitoa sandukuni, nikaondoa kuugua, nikaweka sahihi, nikamaliza. Nikaandika ya Mzee Egidi, nikaandika ya Abdulmajid. Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Mimi historia ya mtu najua kuiandika namna moja tu. Fundi wa majeneza ukimwagiza kitanda, usishangae kikija na mfuniko. Niliandika walivyozaliwa, nyadhifa walizoshika, wema wao, na waliowaacha. Sikuona ubaya wowote. Niliziona nzuri mno.

Ya nne ilikuwa ya Jacqueline. Nikapiga mistari. Nikaandika jina lake juu. Nikaandika "Alizaliwa," mkono ukakataa. Nikaweka kalamu chini, nikanywa maji, nikaishika tena, ukakataa tena. Usiniulize kwa nini, nitasema mbele. Nikakunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Jioni Jacqueline akauliza, "Yangu umeandika, baba?" Nikasema, "Iko kwenye bahasha." Nilimdanganya mwanangu usoni, mimi mwalimu.

Jumatano asubuhi niliinakili upya karatasi ya Abdulmajid, nikaiacha mezani wino ukauke, nimeiwekea jiwe, nikaenda kitaluni kuangalia maji. Nilipanga nikirudi nikamwangukie Mzee Egidi anishuhudilie ile historia, maana alishaniambia kanisani mbele ya watu, "Sahihi yangu haitakaa chini ya jina la yule, hata kwa mtutu."

Narudi saa tano, namkuta jirani yangu Mama Tadea amesimama uani kwangu, kanga kichwani, macho mekundu.

"Pole na msiba, Mwalimu."

"Msiba gani?"

"Jamani, wa Bwana Abdulmajid."

Nilikaa kwenye kigogo. Nikamuuliza amekufa lini, kafa na nini. Akasema hajui, ila Mzee Egidi alikuja kwangu kuweka sahihi yake, akakuta historia ya marehemu mezani, mwandiko wangu, na wino bado unang'aa. Akavua kofia. Akaisoma mpaka mwisho amesimama. Halafu akatoka barabarani akapiga kelele, akasimamisha lori lililokuwa linashuka Mbamba Bay, na watu wakachangishana unga na maharage pale pale. Walikuwa wameondoka watu kumi na wanne.

"Mbona hamkuniuliza?" nikafoka.

"Kukuuliza nini, Mwalimu? Wewe huwa unaandika walio hai?" Mama Tadea naye akapandisha sauti. "Halafu ni Mwislamu yule. Wenzetu hawalazi maiti. Tungekusubiri wewe, si tungekuta wamekwisha kuzika?"

Hata ningekuwa mimi, ningefanya vile vile. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jacqueline alitoka ghalani na koti lake jeupe, akasikia habari, akanitazama kama mwanafunzi aliyemkuta mwalimu amelewa. Kisha akawasha pikipiki ya kampuni. "Panda, baba. Shika faili." Nilipanda. Sitaisimulia safari ile. Niseme tu kwamba barabara ya kushuka ziwani ina kona, na binti yangu hana breki, na nilisali rozari nzima bila rozari. Mbinga mjini tuliposimama kuweka mafuta, kijana wa pampu akanitazama usoni akasema, "Poleni sana na msiba wa Mbamba Bay." Taarifa ilikuwa imetutangulia na lori. Nilitaka kulia. Niliwaza yule mama, mke wa Abdulmajid, Bi Somoe, anavyoambiwa amekuwa mjane na kundi la watu wenye unga. Je, akizimia? Je, akifa kweli, na mimi nikaitwa kuandika yake?

Tulifika saa tisa na nusu. Duka limefungwa, lori limesimama mbele yake, na ndani ya nyumba akina mama wa Matiri wanaimba nyimbo za kanisa huku akina mama wa Mbamba Bay wakisoma dua zao. Nikajua tumechelewa. Baadaye ndipo nilipoelezwa kilichotokea. Abdulmajid alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Liuli kwa shughuli zake. Mzee Egidi alipofika analia, Bi Somoe alimwambia, "Mume wangu ametoka hapa asubuhi mzima," naye akamjibu, "Mama, historia nimeisoma kwa macho yangu." Alikuwa nayo kwenye koti. Bi Somoe akaisoma, akaona jina, akaona watoto wake sita kwa majina, akaona kila kitu ni kweli. Angebisha vipi? Alianguka wakamshika.

Basi tunaingia tu mimi na Jacqueline kwa mlango wa mbele, na mtu mwingine anaingia kwa mlango wa uani, viatu mkononi, vumbi la Liuli mpaka kwenye nyusi. Abdulmajid. Alikuwa ameona lori, ameona watu, amesikia vilio, na kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa mgonjwa chumba cha nyuma, akajua ndiye. Akapita kimya kimya barazani kwenye mkeka wa wanaume.

Wanaume wote walimwona. Midomo ikabaki wazi. Mmoja alirudi nyuma kwa makalio mpaka ukutani. Mzee Egidi peke yake hakumwona, maana alikuwa amekaa amejifunika uso kwa koti lake, mabega yanatikisika. Na palipobaki wazi mkekani palikuwa kando yake.

Abdulmajid akakaa. Akamwekea mkono begani, akauliza kwa sauti ya chini, sauti iliyokaukiwa na vumbi, "Pole, mzee wangu. Nani ametutoka?"

"Wewe hujui?" Mzee Egidi akajibu humo humo ndani ya koti. "Abdulmajid."

Nikafungua mdomo nipige kelele. Abdulmajid akanyanyua macho akaniona pale mlangoni, na faili langu, akaniinulia kiganja: kaa kimya. Sijui aliwaza nini. Labda alikuwa bado hajaelewa. Labda alikuwa ameelewa kabla yetu wote.

"Mlikuwa marafiki?" akauliza.

"Marafiki!" Mzee Egidi akavuta kamasi. "Nilimnunia miaka mitano. Alinitania mbele za watu, alisema mbacha wangu umetoboka, na mimi nikamnunia mpaka kafa. Na alisema kweli! Ulikuwa umetoboka. Nilijua umetoboka, nilikuwa nimeukalia mimi. Mke wangu alipougua usiku ule likaja gari kumpeleka hospitali, dereva akasema ametumwa na mtu asiyetaka kutajwa. Nilijua ni nani. Nani mwingine alikuwa na gari? Sikwenda kumshukuru. Nilisema nitakwenda akinisalimia yeye kwanza. Sasa nani atanisalimia? Eh? Nani?"

Hata wale wa ndani waliacha kuimba. Abdulmajid macho yalikuwa yamejaa. Akainama karibu na lile koti akasema, "Shikamoo, Mzee Egidi."

Koti likashuka.

Nimezika watu wengi lakini sijawahi kuona uso wa binadamu ukifanya vile. Kwanza ulikuwa mweupe kwa hofu. Akapiga ishara ya msalaba mara mbili. Akamshika Abdulmajid pua. Ndiyo, pua, akaivuta. Alipoikuta ya moto akapiga ukelele uliowatoa akina mama wote nje, akamkumbatia, wakaanguka wote wawili mkekani, na yule mzee analia kwa nguvu kuliko alivyolia kwa msiba. "Marahaba! Marahaba, mwanaharamu wee! Marahaba!"

Bi Somoe akatoka. Alimtazama mumewe. Halafu akavua kanga ya begani akaanza kumchapa nayo, mgongoni, kichwani, "Ulikuwa wapi! Ulikuwa wapi wewe!" Na kila alipomchapa alikuwa analia na kucheka. Hata mama mkwe mgonjwa alitoka chumbani na fimbo yake kuuliza kelele za nini. Jamani, raha ile! Nikakaa pale pale kizingitini. Nilijisikia mwepesi mpaka nikaona aibu. Sikuwa nimeua mtu.

Halafu wakanikumbuka. Watu wote, wa mlimani na wa ziwani, wakageuka kunitazama.

"Mwalimu!" Mzee Egidi akanguruma. "Umeniulia mtu!"

Nikaeleza. Barua, wafadhili, historia ya uongozi. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mjinga. Abdulmajid akaomba karatasi yake. Mzee Egidi akaitoa kwenye koti, imelowa machozi kona moja, lakini wino wangu haukuchuja. Nataka hilo lijulikane. Abdulmajid akamwambia, "Nisomee wewe, mwenyekiti. Ulishaanza."

Akasimama akasoma, sauti ile ile ya ngazi za ofisi. Alizaliwa Kilwa mwaka elfu moja mia tisa arobaini na sita. Alifika Mbamba Bay akiwa kijana. Alikuwa katibu wa kamati ya msikiti miaka tisa, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko miaka sita, mjumbe wa kamati ya shule. Alikuwa mtu wa watu. Mlango wake haukufungwa mbele ya mwenye shida.

"Kamati ya msikiti ni kumi na moja," Abdulmajid akasahihisha, akajifuta macho. "Lakini endelea. Nasikia vizuri."

"Ameacha mke mmoja, Bi Somoe."

"Aniache aende wapi?" Bi Somoe akadakia. Nyumba nzima ikacheka mpaka yule mama mkwe akashikilia mbavu.

Ule unga na yale maharage vikapikwa, na Bi Somoe akaongeza samaki aina ya mbasa, wakubwa, wa kuchoma. Chakula cha msiba kikaliwa na marehemu mwenyewe, na alirudia mara mbili. Tukakaa chini pale barazani jua likiwa bado lipo. Nikaandika upya zote tatu kwa mtindo wa watu wanaopumua: yuko, anaongoza, anaishi. Ilinitoa jasho. Kila mmoja akaweka sahihi kwenye yake. Mzee Egidi akaweka sahihi chini ya jina la Abdulmajid bila kuombwa, herufi kubwa. Abdulmajid akaweka chini ya Mzee Egidi, na chini ya yangu pia.

"Hizi tatu," akasema Mzee Egidi akizigonga zikae sawa. "Ya mkuu wa maabara iko wapi?"

Nikainamia faili. Nikafungua bahasha niliyojua haina kitu. Jacqueline alikuwa amekaa mkabala nami, sahani ya samaki mapajani, na niliona anavyonitazama, na niliona anavyojua.

"Hukuandika," akasema.

"Jacqueline."

"Nilijua. Nilikuona Jumanne kupitia dirishani. Umeandika jina, ukaiweka mfukoni." Hakukasirika, na ingekuwa nafuu angekasirika. "Nilidhani huoni la kuandika, baba. Nilijiambia, wenzangu wameongoza ushirika na msikiti na shule, mimi nimeongoza chupa. Au nilidhani unataka niende."

"Uende?" Sauti ilinitoka ya ajabu. "Mimi nataka uende?"

Basi ikabidi niseme mbele ya watu wote wale, maana nisingesema pale nisingesema tena. Nikatoa karatasi mfukoni, imekunjika, mistari ya rula, jina lake, na neno moja. Nikasema, "Mtu wa mwisho wa nyumba yangu niliyemwandika ni mama yako. Kalamu hii hii. Niliandika Otilia alizaliwa, Otilia alisoma, na kila nilipoandika neno aliendelea kwenda. Mwanangu, miaka yote nimeandika watu mia ngapi sijui, na hakuna hata mmoja aliyeamka. Nikashika kalamu nikuandike wewe, mkono ukakataa. Niliona uchuro. Nikaona bora mashine ipotee. Halafu nikaona mashine ikipotea unaondoka. Sikujua niende wapi, nikadanganya."

Jacqueline alikuwa ameweka sahani chini.

Abdulmajid ndiye aliyekohoa. "Mwalimu," akasema, "unasema hakuna uliyemwandika akaamka?"

"Hakuna."

"Mimi ni nani?"

Nikamtazama. Alikuwa na mwiba wa mbasa kwenye ndevu.

"Uliniandika jana," akasema. "Umenizika vizuri kabisa, watu wamelia, mke wangu kaanguka. Na hii ni sahani yangu ya pili. Uchuro wako umekwisha leo, bwana. Umeishia kwangu. Mwandike mtoto."

"Na usisahau," Mzee Egidi akaongeza, "mwaka jana alinitoa mimi, mwenyekiti, nje ya maabara kwa sababu ya matope kwenye viatu. Nikanawa kama mtoto kwa spiriti mpaka viwiko. Andika hilo. Kama huo si uongozi, mimi sijui uongozi."

Bi Somoe akaniletea karatasi mpya kutoka dukani na ubao wa kuegemea. Nikapiga mistari kwa kingo za faili, maana rula niliisahau Matiri. Nikaandika kwamba alizaliwa Matiri, binti wa Mansuetus na Otilia. Mkono haukukataa. Nikaandika alivyokuwa kiranja mkuu wa wasichana. Nikaandika alivyowafundisha akina mama thelathini na wanane kukata majani na kuyaosha, na jinsi alivyowafanya wanaume wa Umatengo wavue viatu mlangoni. Nikaandika chupa elfu tatu. Nikaandika kwamba aliwaweka kwenye bodi moja watu wawili waliokuwa hawasalimiani, na nikatazama juu, na wale wawili walikuwa wanagombania kichwa cha samaki.

Nikafika mwisho, pale ambapo siku zote naandika ameacha. Watu walikuwa wananingojea. Kwa miaka mingi mkono wangu umezoea kuliandika neno lile bila hata kufikiri, nikauzuia. Nikaandika neno moja: *Amebaki.*

Nikamgeuzia karatasi. Jacqueline akasoma polepole tangu juu, kidole kinafuata mistari, mpaka akafika chini, kwenye lile neno. Kisha akaichukua ile kalamu mkononi mwangu akaweka sahihi yake.